Siku Nilipokishitaki Kitabu Nisichokisoma

Aibu hii ni yangu mwenyewe, hakuna aliyenisukuma, na kwa kuwa wengi mnaisimulia na kuongeza chumvi, acha niiandike mimi niliyeaibika. Jumapili ile kanisani kwetu Kasokola walikuwepo hawa: Katekista Fulgensi, mtoto wa marehemu Agripina ambaye tulihamia naye huku mwaka mmoja, wote tukiwa tumeolewa juzi juzi; shemeji yangu Leopoldi, aliyemuoa dada yangu Yasinta, na ndiye mwenyekiti wa kigango, kanisa letu dogo lisilo na padre wake; Mama Kulwa, kiongozi wetu akina mama, ambaye binti yake nilimsimamia kipaimara kwa hiyo tumekuwa ndugu; mjukuu wangu Leokadia, mwalimu wa sekondari pale Mpanda mjini, mtoto wa binti yangu Selina; na mimi Tekla, ambaye kama mtu angenifunga mdomo kwa kitambaa asubuhi ile ningemshukuru mpaka leo. Watu walijaa, lakini hao ndio waliohusika, wengine walikuja kusali wakapata na sinema ya bure.

Kwanza mjue jambo moja nililolificha miaka mingi. Kusoma nilijifunza ukubwani, kwenye madarasa ya watu wazima, nikaishia herufi kubwa. Hizi ndogo zikibanana naziona kama siafu wanahama. Lakini jumuiya ikikutana Alhamisi msomaji ni mimi, na siri yake ni kwamba Leokadia alipokuwa anakaa kwangu alikuwa ananisomea somo mara tatu tukiwa jikoni, nalishika kichwani, halafu mbele ya watu nafungua Biblia na macho nayapeleka kushoto kulia kama mtu aliyesoma hadi chuo. Alipohamia mjini nikawa nachagua yale niliyokwisha kuyashika, ndiyo maana mwaka ule jumuiya yetu ilisomewa habari ya mwana mpotevu mara nne (Leopoldi aliwahi kuuliza huyu kijana atapotea mara ngapi).

Basi Alhamisi moja Mama Kulwa akaja na kitabu chembamba, jalada la kijani, kimechapwa steshenari huko mjini, na jina la mwandishi ni Binti wa Ziwani, tukakubaliana palepale kwamba huyo ni mtu wa Karema, kule ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Akasema wanafunzi wanakipokezana, ni hadithi za kutunga lakini zinachezea imani, zinasema ya mbinguni kinyume na tulivyofundishwa, na Katekista amekosa raha kwa sababu watoto wa Komunyo ya kwanza wameanza kumuuliza maswali yanayomtoa jasho. Mama Kulwa kusoma hajui kabisa, wala hafichi. Akanikabidhi mimi nikisome, niwaambie.

Hapo ndipo ningesema, jamani, herufi hizi ni ndogo, mpeni mwingine. Sikusema. Nikakitia kwenye kapu pamoja na karanga, kikakaa juu ya kabati wiki nzima, na Alhamisi iliyofuata Mama Kulwa aliponiuliza kama nimekisoma nikajibu, "Chote."

Akina mama wakasogea. Kinasemaje? Nikasema kinasema mbinguni hakuna. Wakashika vichwa, na mtu akiona watu wameshika vichwa kwa ajili yake ataacha vipi kuongeza? Nikasema Mtakatifu Petro ameandikwa kalewa mlangoni, funguo zimemwanguka. Nikasema malaika wanagombania viti. Nikasema na mengine siwezi kuyatamka mbele ya watu wenye heshima zao, na hili la mwisho ndilo lililowaumiza zaidi, maana kila mmoja aliondoka na lake alilojitungia njiani.

Habari ikamfikia Leopoldi ikiwa imenenepa. Kamati ya kigango ikakaa, ikaamua kwamba jina la kweli la mwandishi litafutwe mpaka lipatikane, lipelekwe kwa Paroko, na mwenyewe azuiwe sakramenti mpaka atubu hadharani. Na kwa kuwa Paroko huja kwetu mara moja kwa mwezi na Jumapili iliyokuwa inakuja ilikuwa ya ibada bila padre, wakaona baada ya ibada asimame mtu aliyekisoma awaeleze waumini. Aliyekisoma ni nani? Si Tekla, aliyesoma chote?

Sasa Jumapili hiyohiyo ndiyo lilikuwa lisomwe tangazo la tatu la ndoa ya Leokadia na Deogratias wa Mwamkulu. Jumamosi mchana Leokadia akaja, hata maji hajanywa, akasema, "Bibi, kuna jambo nataka nikwambie kabla ya kesho." Nikamwambia kaa hapo, kwanza sikiliza hotuba yangu. Nikasimama katikati ya jiko na mwiko mkononi nikamtandika huyo Binti wa Ziwani kwa maneno, nikasema mama aliyemzaa akae ajifikirie, na bibi yake kama yu hai afunike uso. Mjukuu wangu hakucheka. Aliniangalia sana, halafu akauliza kwa upole, "Nani alikusomea, Bibi?"

Nikamjibu kwa ukali, kwani wewe unadhani bila wewe mimi sisomi? Akavuta ungo, akachambua mchele mpaka ukaisha, na nilipokumbuka kumuuliza lile jambo lake akasema litasubiri.

Jumapili nikasimama. Nilivaa kitenge kipya, nikashika kitabu juu kama mtu aliyekamata mwizi, nikahutubia, na nakiri kwamba nilihutubia vizuri, maana hata kwaya waliacha kuangalia simu zao. Petro akalewa zaidi ya Alhamisi. Nikamaliza kwa kusema mwandishi huyu akipatikana, hata awe mtoto wa nani, asipate ndoa wala baraka katika kanisa hili. Watu wakapiga makofi. Leokadia alikuwa benchi la tatu, amejiinamia.

Katekista Fulgensi ni mtu wa haki, ametoka kwa mama mwenye haki. Akaja pale mbele akasema, "Mama, tuonyeshe ukurasa mmoja niusome, watu wasije wakasema tumemhukumu mtu kwa maneno ya kusikia."

Ukurasa! Nilifungua katikati, nikatia kidole popote, nikasema hapa. Nilikuwa naomba moyoni kidole kiwe kimeangukia dhambi.

Fulgensi akavaa miwani akasoma, na maneno yake ninayo yote: "Mama mmoja alikufa akiwa mzee, akapanda mpaka mlangoni. Mlinzi akafungua daftari, akaliona jina lake, akamwambia pita. Mama akauliza, Kalisto wangu yumo humo ndani? Mlinzi akatafuta sana. Akasema, huyo hakubatizwa, hayumo. Mama akasema, basi daftari lenu halijaisha kuandikwa. Akatandika khanga yake nje ya mlango, akakaa."

Nikashika meza ya maua. Kwa sababu maneno hayo ni yangu. Hakuna binadamu mwingine aliyekuwa anajua jina la Kalisto isipokuwa mimi na mtu mmoja niliyemwambia.

Kalisto alikuwa mtoto wangu wa tatu. Alizaliwa masika, akaishi siku nne. Mto ulikuwa umefurika na katekista wa wakati ule alikuwa ng'ambo, na mimi hakuna aliyekuwa amenifundisha kwamba penye hatari hata mama mwenyewe anaweza kumwagia mtoto maji na kusema yale maneno. Nilikuja kuyajua baadaye, kwenye semina, watu wanaandika kwenye madaftari na mimi nalia, wakadhani nimeguswa na Roho. Tulimzika wanawake peke yetu, nyuma ya nyumba kwenye migomba, bila sala na bila msalaba, kwani wazee walituambia watoto kama hao hawaingii. Jina nilimpa baadaye, peke yangu. Miaka ikapita, siku moja Leokadia akiwa mdogo tunabangua karanga akaniuliza nimezaa wangapi, nikasema sita, akahesabu kwa vidole akapata watano. Ndipo nikamtungia ile hadithi ya mama na mlinzi wa mlango. Nilidhani aliisahau.

Fulgensi alikuwa anaendelea, lakini sauti yake ilishashuka: "Mlinzi akamwambia, mama, huko nje hakuna Mungu. Mama akamjibu, nenda kamwangalie ndani kama yumo, maana tangu nikae hapa kuna mtu amekaa na mimi, na amempakata mwanangu."

Minong'ono ikaanza nyuma. Mmoja akasema hiyo ni kufuru, mwingine akasema acha amalize. Leopoldi akasimama akasema kufuru au si kufuru, uamuzi wa kamati uko palepale, mwandishi atajwe. Na mimi nikamwona Leokadia ananyanyuka pale benchi la tatu, mkono umeshika kiti cha mbele, uso kama wa mtu anayeingia maji ya baridi. Nikaona ndoa yake inakwenda hivihivi, tena kwa ulimi wangu.

"Kaa chini, Leokadia," nikasema. "Maneno hayo ni yangu. Kitabu sijakisoma hata ukurasa mmoja. Petro mlevi nimemtunga mimi, na huyo mama wa mlangoni ni mimi pia. Mtoto ameandika alichokisikia jikoni kwangu. Kama ni kuzuia sakramenti, nizuieni mimi."

Shemeji yangu akaniangalia. "Tekla, umelidanganya kanisa zima?"

"Zima, shemeji."

Kuna mtu wa kwaya aliangua kicheko, wakamfuata wengine, kikawa kicheko cha kanisa zima, na mimi nimesimama mbele na kitenge changu kipya kinanielemea kama gunia la mahindi. Fulgensi hakucheka. Alikuwa ameshika karatasi ya matangazo ya ndoa, anaiangalia, anamwangalia Leopoldi, akasema taratibu kwamba kamati imekwisha kuamua, yeye ni mtumishi tu, na wale watoto wa Komunyo atawajibu nini.

Ndipo Mama Kulwa akainuka. Huyu ndiye aliyekileta kitabu, nikajua sasa namalizwa. Akangoja kicheko kiishe.

"Nyie wote mnaniita Mama Kulwa," akasema. "Kuna Kulwa asiye na Doto? Miaka yote hii hakuna hata mmoja humu aliyeniuliza Doto wangu yuko wapi. Soma tangazo, Fulgensi."

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Tulikwenda kumzika Doto naye nyuma ya nyumba, kimya kimya, wakati pacha wake ananyonya ndani. Mimi nilikuwepo, nilishika jembe, na kweli sijawahi kumuuliza. Bibi mmoja upande wa kushoto akaanza kulia, akafuatiwa na mwingine, tukajikuta sisi wazee wa kike tunalia na vijana wanatushangaa.

Fulgensi akasoma tangazo la tatu. Kwenye jina la Leokadia akakohoa, akarudia. Akauliza kama yupo anayejua kizuizi chochote. Leopoldi akainama kufunga kamba za viatu, na siku hiyo alikuwa amevaa makubazi.

Paroko alipokuja tulimweleza yote. Akasema hadithi si katekisimu, na yeye mwenyewe kuna sehemu hakubaliani nazo akamwambia Leokadia usoni, wakabishana mpaka chai ikapoa. Ila watoto wale, akasema, Kanisa linawakabidhi kwa huruma ya Mungu, na aliyetuambia vinginevyo alitubebesha mzigo usio wetu. Akaomba nimpeleke kwenye migomba, kisha tukaenda kwa Mama Kulwa. Kitubio changu kwa ule uongo kilikuwa nikisome kitabu hicho kweli, kurasa zote. Nimekisoma kwa kidole, herufi moja moja, na sijawahi kupewa kitubio kirefu hivyo. Leopoldi bado anasema si kitabu cha watoto, na familia mbili hazitaki kukiona ndani mwao, nami siwalaumu. Leokadia aliolewa, nikacheza mpaka goti likagoma.

Vijana sasa wananiita Bibi Chote. Naitika. Na mtu akiniuliza kama nimesoma jambo, namwambia nimefika ukurasa gani, hata kama ni wa kwanza.

Nimeyataja majina kama ninavyoyakumbuka. Kama nimekosea aliyekaa wapi, au aliyecheka wa kwanza, au nimemwacha mtu aliyekuwepo, njooni mniambie, nyumbani mnapajua na mimi sikasiriki. Mmoja tu nimemwongeza mwenyewe, Kalisto, katika hesabu ya watoto wangu, wakawa sita, na hapo msinisahihishe.