Kimya cha Priampu ya Simbeye

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika hata bisibisi. Fundi Mkuu wa karakana ya redio, hapa Tunduma, alinikalisha kwenye kigoda, akawasha redio kubwa ya valvu, akaiweka upande wa santuri ilhali hapakuwa na santuri yoyote, kisha akafungua sauti mpaka mwisho.

"Unasikia nini?"

"Sisikii kitu, mzee."

"Basi nenda nyumbani. Kesho uje na masikio."

Kesho yake nilisikia: muungurumo wa transfoma, na juu yake mluzi mwembamba kama wa mbu. Valvu, kwa ninyi mliokulia na simu mkononi, ni vichupa vya kioo vyenye nyuzi ndani. Ukiwasha, husubiri kwanza zipate moto na kuwaka wekundu, ndipo sauti itoke. Umeme wake ni mkali, kwa hiyo tulipopima redio iliyowashwa mkono wa kushoto ulikaa mfukoni, shoti isije ikapita kifuani. Na hakuna chombo kilichotoka karakanani kabla fundi hajasikiliza kimya chake. Alifungua sauti yote bila wimbo, akafumba macho, akatamka, "Safi." Hiyo ndiyo ilikuwa sahihi yetu.

Baadaye nilipelekwa Kamsamba kutengeneza redio na vipaza sauti vya ushirika wa mpunga. Kule joto lilikausha kapasita, vile vipipa vya kuhifadhi umeme, mpaka zikapasuka. Bwana Msimamizi hakuielewa kazi yangu hata kidogo. "Wewe fundi, umefumba macho unasikiliza nini? Mbona hakuna muziki?"

Niliporudi Tunduma, Fundi Mkuu alikuwa amezeeka. Siku moja aliisikiliza redio ya mwalimu mmoja, akafumba macho, akasema, "Safi." Mluzi ulikuwa unanichoma masikio. Nikainamisha kichwa. Mkubwa hakosolewi mbele ya mteja. Nilingoja aende kunywa chai, nikabadilisha valvu kwa siri. Nilifanya hivyo mpaka alipostaafu, tukampigia makofi. Hiyo niliiita heshima. Leo sina hakika niiiteje.

Mwaka juzi, karakana yetu ikiwa imeshafungwa, alinijia Simbeye, wakala wa forodha hapa mpakani, mtu wa miaka arobaini hivi. Nyumbani ana mashine ya santuri, amplifaya na spika nzuri za mbao.

"Shikamoo mzee. Sauti ya ile mitambo yangu ni kavu mno. Nataka priampu ya valvu. Nimeulizia mpaka Nakonde, wote wananitajia wewe."

Priampu hukaa kati ya mashine ya santuri na amplifaya. Huikuza ile sauti ndogo kabla ya kutiwa nguvu. Nilikuwa na valvu chache kwenye kopo la maziwa, nimezifunga kwa kitambaa. Sitaficha, nilifurahi kupita kiasi. Mke wangu alikuwa ameanza kulalamika kwamba simjibu, nami nikamwambia anaongea chini chini. Nilitaka kazi moja ya mwisho inionyeshe kwamba bado ni fundi.

Nilipomaliza kuiunda, niliipeleka kwao Jumapili baada ya ibada. Nikaunganisha, nikafungua sauti yote, nikafumba macho.

"Safi."

Nilipofumbua, mke wa Simbeye alikuwa na kiganja sikioni. Akakigeuza haraka, akawa anatengeneza kilemba.

"Safi kabisa, baba," akasema.

Niliona, ila sikutaka kuona.

Miezi kadhaa baadaye nilipita kwao bila taarifa. Kwaya ilisikika tangu getini. Nilipoingia sebuleni Simbeye aliruka kutoka kwenye kiti, akabonyeza swichi ya priampu. Valvu zilikuwa nyeusi tii. Zikaanza kuwaka wekundu taratibu, na kwaya ilikuwa ikiimba muda wote huo. Sikuhitaji kuambiwa. Niliinama nyuma ya kabati, nikaona waya umetoka kwenye mashine ya santuri ukaenda moja kwa moja kwenye amplifaya.

"Mama, niambie kweli. Inapiga mluzi?" nikamuuliza mke wa Simbeye.

Alimtazama mumewe kwanza. "Mwembamba tu, baba. Tangu ile Jumapili. Tuliona tutakuumiza."

Nikaiunganisha tena, nikafungua sauti bila wimbo, nikabandika sikio kwenye spika. "Ukiusikia, nyoosha mkono," nikamwambia. Aliunyoosha papo hapo, na machozi yakimtoka. Mimi sikusikia kitu.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi niliumbuliwa na priampu. Imeniuma, na inaniuma hadi leo. Vijana, mkubwa wenu akikosea mwambieni, hata kwa kumvuta pembeni. Mimi sikumwambia wangu, na wangu hawakuniambia.

Siku hizi, mke wangu akienda sokoni, nawasha amplifaya yangu bila wimbo, nafungua sauti mpaka mwisho, nafumba macho. Sisikii kitu. Fundi Mkuu angeniambia niende nyumbani, nirudi kesho na masikio. Ila nyumbani ndiko niliko.