Msusi wa Kasenga na Vitabu vya Giza

Ziwa lilipopanda na kuingia mpaka chumbani mwake kule Kilibula, Apollinarie hakuokoa godoro. Aliokoa beseni la vitabu. Majirani walimwona mwanamke mzima akikata maji ya mapajani, beseni kichwani, sufuria zake zikielea nyuma yake, na mpaka leo hawajamaliza kumcheka. Yeye aliwaacha wacheke. Akahamia Kasenga, mtaa mwingine wa Uvira, akapanga kibanda kando ya njia, akaendelea na kazi yake ya kusuka nywele.

Alikuwa mjane, hakujaliwa mtoto, na mikono yake ilikuwa myepesi. Vitabu alivikusanya kimoja kimoja kwenye mitumba inayovuka mpaka wa Kavimvira: riwaya za Kifaransa zilizochakaa, nyingine hazina hata jalada. Za mapenzi aliwaachia wengine. Yeye alitafuta zile ambazo mwandishi amechukua hadithi ya kale ya watoto na kuirudishia meno yake: majumba yenye unyevu, maharusi waliokufa lakini bado wanatembea, wanyama wanaobisha hodi kwa adabu. Kusuka nywele ndogondogo ni kazi ya kutwa, na kichwa kilichoshikwa hakina pa kwenda. Basi Apollinarie aliegemeza kitabu kwenye kopo la mafuta ya nywele, macho yakasoma Kifaransa, mdomo ukatoa Kiswahili cha Uvira.

Na alikuwa mchaguzi. Kitabu kinachomwaga damu kila ukurasa alikirudisha sokoni. "Hicho ni kelele tu," aliwaambia wateja. "Kitabu cha kutisha kiko kile mlango unafungwa polepole, na weye unajua ni nani ameufunga."

Alichokipenda kuliko vyote kilikuwa riwaya ya binti aliyetolewa kwa msitu. Ng'ombe wa kijiji wanakufa, wakubwa wanaamua kwamba yeye ndiye chanzo, wanamfunga kamba kwenye mti na kurudi nyumbani kula. Katika hadithi za bibi zetu angetokea mwindaji akamwoa. Humo hatokei mtu. Msitu wenyewe unamlea, unamwotesha pembe, na siku moja anarudi kijijini kupiga hodi kila nyumba akiuliza swali moja: "Nani alifunga kamba?"

Georgette, mteja wake wa miaka mingi, aliisikia hadithi hiyo akiwa amempakata binti yake mdogo, Jolie. Wiki hiyohiyo mtoto akashikwa na homa, akawa analia usingizini. Shemeji yake Georgette, aliyeitwa Donatien, alikuwa kiongozi wa chumba cha maombi mtaani. Hakuuliza habari za mbu. Aliuliza mtoto alikuwa ameshinda wapi.

Kesho yake Georgette alisimama mlangoni pa kibanda, hakuingia.

"Mama Apo, banasema vile vitabu viko na mashetani."

"Nani banasema?"

"Papa Donatien. Uvilete vyote Siku ya Mungu, vichomwe mbele ya batu. Ukikataa, atatangaza kwenye mikro kama weye ndiye mulozi."

Apollinarie aliweka kitana chini. Mjane, bila mtoto, na sasa mlozi, yaani mchawi. Alijua neno hilo linavyofanya kazi. Kule bondeni, nje ya mji, aliwahi kumwona mama mzee aliyetajwa hivyo, amekaa kando ya barabara na kandambili moja mguuni, nyuma yake nyumba ikifuka moshi, na watu wanapita wakigeuza nyuso. Kwa muda akawaza kuvipeleka vitabu ziwani yeye mwenyewe, ayamalize. Halafu akamtazama Georgette.

"Mutoto, mulimupeleka kwa dokta?"

"Papa Donatien anasema tufunge na kuomba kwanza."

"Mufunge nyinyi. Mutoto apewe dawa." Sauti yake ilianza kupanda. "Na umwambie shemeji yako, Siku ya Mungu minye nitakuya."

Jumapili, ibada ilipokwisha, ua wa chumba cha maombi ulijaa. Katikati kulikuwa na moto wa kuni. Donatien alikuwa ndani ya suti yake ya kijivu, jasho likimtiririka, kipaza sauti mkononi. Apollinarie aliingia na kitabu kimoja tu.

"Vingine viko wapi?" Donatien aliuliza.

"Viko kwangu. Sikukuya kuchoma, Papa. Nilikuya kusoma. Munasema humu mna mashetani, basi batu basikie wenyewe, kisha baseme bameyaona wapi."

Kabla hajazuiwa alikifungua na kuanza. Donatien aliashiria mpiga kinanda, spika zikanguruma. Apollinarie hakunyamaza. Hakuwa na kipaza sauti, alikuwa na kifua tu, na wanawake waliotaka kusikia ikabidi wasogee. Wakasogea. Walisogea mpaka mpiga kinanda mwenyewe akaanza kupunguza sauti, naye anataka kujua ng'ombe wale walikufa kwa nini.

Hapo Donatien alimrukia, akampokonya kitabu na kukitupa motoni.

Karatasi kavu haziombi ruhusa. Zilijikunja, zikawa nyeusi, zikapaa juu ya vichwa vya watu. Apollinarie alizitazama. Kisha akaendelea palepale alipokuwa ameishia. Hadithi ile alikuwa ameisimulia juu ya vichwa vingi mno, hakuhitaji karatasi. Aliwapeleka msituni, akamwotesha binti pembe, akamrudisha kijijini. Na alipofika penye swali, hakulitamka kama neno la kitabuni. Aliwageukia mmoja mmoja pale uani.

"Nani alifunga kamba? Weye? Weye?"

Donatien alikuwa akipaza sauti akikemea pepo, lakini watu walikuwa wakitazama chini.

"Na mama yake?" Ilikuwa sauti ya Georgette, kutoka nyuma. Jolie alikuwa mgongoni mwake, kichwa kimelala upande. "Mama ya ule binti. Yeye alifungua mlango?"

"Kitabu hakisemi," Apollinarie alijibu. "Kinasema tu kama alikuwa nyuma ya mlango, amesimama, anasikia."

Georgette alikaza kitambaa cha kumbebea mtoto, akapita katikati ya watu bila kumwangalia shemeji yake, akatoka nje ya ua. Alikwenda moja kwa moja kituo cha afya. Ilikuwa malaria, na mtoto alipona.

Sitasema mtaa mzima uligeuka. Donatien alitangaza kwenye mikro alichoahidi kutangaza, na kuna wanawake ambao tangu siku hiyo wanavuka njia wanapokikaribia kibanda. Mawe yaligonga bati, si mara moja. Apollinarie aliwaza kuhama, akalitazama beseni lake, akabaki. Mlango wa mabati alioufunga nusu kwa hofu akaufungua wote, na vitabu vilivyokuwa vimefichwa chini ya kitanda akavipanga dirishani, migongo ikitazama njia, kila apitaye avione.

Kile kilichoungua hajakipata tena sokoni. Basi ameanza kukitunga upya, kwa Kiswahili, kwa namna yake. Msitu sasa uko juu milimani Rurambo, penye ukungu unaoficha hata pembe za ng'ombe. Kijiji kinalima mihogo. Na mama wa binti anazungumza, tena sana. Mwisho Apollinarie anaubadilisha kila anaposuka. Wateja wanabishana naye katikati ya kusukwa, wengine wanadai binti asamehe, wengine wanataka ateketeze nyumba zote.

Juzi alikaa mteja mpya kwenye kigoda, mwanamke aliyeshuka kutoka milimani Mulenge, akakifungua kilemba chake taratibu.

"Nimesikia uko unasimulia hadithi. Inatisha?"

"Inatisha," Apollinarie alisema, akichukua kitana. "Haya, inamisha kichwa."