Wagonjwa Kumi na Tisa wa Siku ya Mtihani

Uliwaona. Usiniambie hukuwaona.

Mwaka jana, Alhamisi ya mtihani mkuu, watoto kumi na tisa wa darasa moja walishinda mtaani wazima wa afya. Kwenye daftari la shule wote waliandikwa wagonjwa, wote tumbo. Ukapita zako. Ukajisemea si wangu.

Nina kibanda cha fotokopi mkabala na hiyo shule. Jumatatu ya wiki ile mwalimu wa mitihani aliniletea karatasi moja.

"Nitolee ishirini, jirani."

Nikatoa. Mashine inahema, mimi napiga miayo. Sikusoma. Mimi huyu, ninayesoma hata gazeti lililofungia sabuni.

Jioni akaja mpwa wangu, binti wa dada yangu, na karatasi ile ile.

"Mjomba, mama yuko kazini. Niwekee sahihi wewe."

Safari hii nikasoma. *Mtoto wangu anaumwa tumbo, hataweza kufanya mtihani.*

"Kwani unaumwa tumbo?"

"Bado. Nitaumwa Alhamisi."

Nikacheka. Tumbo hilo nalijua. Miaka thelathini na moja iliyopita niliumwa nalo mimi, shule hiyo hiyo. Wastani wa shule ukapanda, kombe likaletwa, mimi masomo yakaishia hapo. Asiyefanya mtihani haendelei. Ninachojua leo nimejifundisha kwa karatasi za watu.

Asubuhi nikamfuata mwalimu. Si mtu mbaya. Amechoka tu, chaki mpaka kwenye nyusi.

"Jirani, kwenye majaribio mpwa wako alipata kumi na moja kati ya hamsini. Wastani ukishuka nahamishwa mimi, si wewe."

"Nionyeshe karatasi yake ya majibu."

"Mashine imeshasahihisha."

"Hata mimi nina mashine, mwalimu. Haijui inachotoa."

Akanipa, pamoja na majibu sahihi, ili nimwondokee machoni. Nikakaa kwenye benchi la nje na kalamu yangu.

Swali la tatu lilimshinda, akaliruka. Lakini mstari wa tatu hakuuruka. Akajaza hapo jibu la nne, kwenye mstari wa nne jibu la tano, akateremka hivyo mpaka chini. Kila jibu limekaa mstari mmoja juu ya mahali pake. Yale machache aliyopata ni bahati tu.

Nikayasogeza moja moja.

Arobaini na nne.

Mwalimu akahesabu upya, mara mbili, midomo ikimcheza. Akachukua orodha yake ya wagonjwa, akakata jina moja.

"Basi huyu aje."

Mpwa wangu akafanya mtihani. Akafaulu vizuri. Dada yangu alilia siku nzima, akanishika miguu kama mimi ndiye niliyemzaa mtoto.

Ungedhani hadithi imeisha. Hata mimi nilidhani.

Matokeo yalipotoka, mama mmoja alikuja kibandani kutoa kopi ya cheti cha kuzaliwa cha mwanawe. Amempatia kibarua cha kubeba matofali. Miaka kumi na nne, huyo mtoto.

Akaiangalia mashine ikifanya kazi, akauliza taratibu tu:

"Hivi, kaka, wa dada yako alipona vipi? Maana wangu naye aliumwa tumbo siku hiyo."

Nikamkabidhi kopi yake. Asubuhi ile karatasi za majibu za wale kumi na tisa wengine zilikuwa mezani kwa mwalimu pale pale, na sikuomba kuona hata moja. Nilimpa mwalimu mkono. Nilisema asante. Nikaondoka na wangu.

Ndiyo maana nimechoka kuwatukana walimu peke yao. Ubaya huu unaishi kwa sababu kila mzazi anamwokoa wake, kisha anafunga mlango.

Mtihani wa mwaka huu ni Alhamisi ijayo. Kesho asubuhi nenda shuleni. Hesabu vichwa darasani, kisha omba orodha ya watakaofanya mtihani. Hesabu zikikataa, keti pale ofisini, usinyanyuke mpaka waseme nani amepungua, na kwa nini.

Na usiulizie wako tu.