Kaa la Moto na Watu wa Gizani

Juzi nilikuwa sokoni Buhigwe, nikakuta kitabu kilekile kimewekwa juu ya turubai, kati ya mitumba na betri za redio. Damu ikanichemka papo hapo. Rafiki yangu, ngoja nikueleze, usije ukadhani nimerukwa na akili kwa kugombana na karatasi.

Mwaka 2013 nilikuwa darasa la tano, nikiishi na bibi yangu kijijini Rungwe Mpya. Kila asubuhi alinituma kwa mama jirani na kigae cha chungu nikalete kaa la moto. Si kwamba tulikosa kiberiti. Kilikuwapo, ndani ya kopo. Kuchukua moto ndiko kulikuwa kujuliana hali. Nikifika mlangoni naamkia kwa kilugha chetu, "Mwakeye," mama jirani anauliza bibi kaamkaje, ananipa kipande cha muhogo wa kuchoma, narudi nikipuliza kaa lisizimike, moshi ukinitoa machozi. Nyumba zikiacha kupeana moto, ujue zimekosana.

Sasa mwalimu wetu, mgeni kutoka mkoa mwingine, akatusomea kitabu hicho. Kilihusu watu wa kisiwa fulani cha mbali. Mwandishi wake, mtu wa zamani hizo, hakukanyaga hata ufukwe wao. Aliwatazama kwa darubini kutoka melini, siku moja tu! Wanajiitaje, hakuuliza. Akawabandika jina: Watu wa Gizani. Akamwona mmoja anapeleka kaa la moto kutoka kibanda kimoja hadi kingine, akaandika kwamba ni washenzi, hawajui hata kuwasha moto. Mtu mzima na akili zake!

Nami kwa ujinga wangu nikanyoosha mkono. "Mwalimu, hata bibi yangu anachukua moto kwa jirani." Darasa likaangua kicheko, hata wale niliopishana nao asubuhi hiyohiyo na vigae vyao. Mwalimu naye akacheka. Nikaitwa Mtu wa Gizani mpaka namaliza shule.

Kesho yake bibi aliponipa kigae, nilikitupa uani. "Siendi. Huo ni ushenzi, bibi. Kitabu kimesema."

Bibi hakujua kusoma. Akaniuliza taratibu, "Kimesema hivyo kweli, mjukuu wangu?"

"Ndiyo."

Akaingia ndani, akachukua kiberiti. Hakunituma tena, wala hakumweleza mama jirani, aliona aibu. Wakabaki kusalimiana kwa mbali, kila mtu na moshi wake.

Siku hizi hakuna mtoto anayebeba moto pale kijijini, na mimi sina ugomvi na kiberiti. Nina hasira na huyo bwana wa darubini, na mwalimu aliyecheka, na mimi mwenyewe.

Bibi alifariki 2015. Msibani, mama jirani alinivuta pembeni. "Mwanangu, nilimkosea nini bibi yako, hata akaacha moto wangu?"

Nikamwambia sijui. Naye sasa ni marehemu, na amekufa akiamini kwamba alikosea.