Mahali pa Mapumziko

Kiswahili chake Wegesa alikipata msibani. Wenzake walikipata shuleni, wengine jeshini, wengine kwa kutumwa-tumwa na wenye maduka. Yeye alizaliwa upande wa Butiama, akaolewa Suguti, na katika nyumba hizo mbili hakuna aliyemsemesha Kiswahili mpaka alipohamia Musoma mjini kuanika dagaa na kuanza kwenda kanisani. Na kanisani, kwa watu wa rika lake, kulikuwa na kuzika kwingi kuliko kuozesha. Kwa hiyo neno "mapumziko" alilijua kwa maana moja tu. Katekista alilitamka akiwa amesimama ukingoni mwa kaburi, watu wakaitikia amina. Kama neno hilo lilikuwa na kazi nyingine duniani, Wegesa hakuwa ameambiwa.

Mumewe, Magesa, alichukuliwa na ziwa mwaka ule wa Uhuru. Upepo uliupindua mtumbwi wake, na siku chache baadaye ziwa likamtupa kwenye miamba chini ya mji. Katika ukoo wa akina Magesa, mtu aliyekufa maji harudishwi nyumbani. Anazikwa pale pale ziwa lilipomtoa, na ukoo unampelekea jiwe la nyumbani ili asijione mgeni. Jiwe lake lilikuwa jekundu, la kilima cha Suguti. Mdogo wake, Mayala, alilipakia kwenye lori la pamba, kisha akalibeba begani kutoka stendi hadi ufukweni, na bega likamvimba. Jiwe hilo lilikuwa na kazi yake. Mjukuu wa kwanza wa kiume akizaliwa, hukalishwa juu yake, akamwagiwa togwa miguuni, akapewa jina la babu. Asipokalishwa, jina linakuwa la kuazima, na mwenye jina anasahaulika.

Mjane akabaki mjini na mwanawe, Silasi. Alianika dagaa kwenye miamba ile ile, hatua chache kutoka kaburini, miaka yote mpaka Silasi akawa mtu mzima na kupata kazi ya kuchambua pamba Bunda. Hakuwa mtu wa kulia-lia kaburini. Alikuwa akipita asubuhi na karai lake, anaona jiwe lipo, anaendelea na dagaa.

Ndipo likaja jambo la bustani. Ilikuwa miaka ile watu wanahamishiwa vijijini, kila mtu anaitwa ndugu na kila wiki kuna mkutano. Safari hii waliitwa wanawake wa dagaa, na aliyezungumza alikuwa Felisian, kijana wa ofisini, mpole, mwenye sauti ya mtu aliyelelewa vizuri. Mimi simlaumu Felisian. Alilipenda lile ziwa kweli.

"Ndugu wananchi," alisema, "wageni wanashuka kutoka Serengeti, wanafika hapa, wanalitazama ziwa wakiwa ndani ya gari, wanaondoka. Mfanyakazi wetu naye Jumapili hana pa kukaa na watoto wake. Ufuko huu ni wetu sote. Dagaa mtaanikia Mwigobero. Hapa patakuwa mahali pa mapumziko."

Mengine yote yalimpita Wegesa kama redio ya jirani, ila hilo la mwisho alilisikia vizuri. Akanyoosha mkono.

"Mwanangu, mapumziko kabisa? Hamtakujaga tena kuondoa?"

"Mapumziko ya kudumu, mama."

Watu wakapiga makofi, naye akapiga kuliko wote. Felisian akauliza kama kuna mwenye mali yake pale ufukweni aihamishe mapema. Wegesa hakunyoosha mkono tena. Magesa hakuwa mali.

Alirudi nyumbani na furaha ambayo hakuwa ameijua tangu ujana. Serikali imekubali kwamba pale ni pa marehemu. Aliwasifu jioni nzima, akamwambia jirani kwamba hawa wakubwa wa siku hizi wana utu.

Kazi ilipoanza alikwenda kuomba kibarua, akapewa. Msimamizi alikuwa Clementi, mtu wa Bunda, mwenye haraka na mdomo, lakini si mbaya. Wanawake walipewa ndoo za chokaa na burashi za katani. "Tafuteni mawe mazuri, yapakeni," aliwaambia, "bustani bila mawe meupe ni shamba tu." Wegesa hakuona ajabu. Makaburi ya pale misheni nayo yalikuwa meupe. Akaenda moja kwa moja kwa Magesa. Alilipaka lile jiwe jekundu mikono miwili ya chokaa, kisha wa tatu, akapaka na mawe madogo yaliyolizunguka, akayafuta mchanga kwa upande wa kanga yake. Alipomaliza alisimama kulitazama, akaona limependeza, akaona kwa mara ya kwanza kwamba mumewe amezikwa kama mtu mwenye watu.

Kitu ambacho hakukisikia ni kile Clementi alichowaambia wanaume baada ya wanawake kuondoka: kila jiwe jeupe lipelekwe kwenye njia. Makubwa mno yavunjwe, yaingie kwenye msingi wa mabenchi.

Jumatatu alikuta ufuko umesawazishwa. Njia mpya ilishuka kutoka barabarani hadi majini, na pande zote mbili mawe meupe yamepangwa kwa kamba, yamenyooka. Alikwenda pale alipokuwa akipita na karai. Hakukuwa na pale. Kulikuwa na udongo uliochanuliwa kwa reki, tayari kwa majani.

"Kaburi liko wapi?" alimwuliza Clementi.

"Kaburi gani, Mama Silasi?"

Akamweleza. Clementi aliishika kofia yake mikononi, haraka yake yote ikamwishia.

"Mama, si ulipaka wewe mwenyewe?"

"Nilipaka mimi."

"Basi mimi nikajua umelichagua."

"Ndiyo," alisema Wegesa. "Nililichagua."

Alitegemea kulia, akasubiri kilio, hakikuja. Kifua kilikufa ganzi, na ganzi ile haikuuma. Clementi, kwa aibu, alimpa kazi ya kudumu ya kufagia bustani, naye akaikubali kwa sababu hakuona sababu ya kuikataa. Kazi yake ya pili ilikuwa kuwazuia watu wasikalie mawe, maana chokaa ilikuwa ikiwachafua.

Kazi hiyo aliifanya vizuri mno. Mzungu, mkubwa wa ofisi, mama mwenye mimba, wote aliwaondoa kwa adabu ile ile: "Samahani, hapo hapakaliwi." Angeweza kuyakwangua mawe yale, moja moja, mpaka afike kwenye jekundu. Mnaweza kuuliza kwa nini hakufanya hivyo, hata mimi nilijiuliza. Ni kwamba makubwa yalikuwa yamevunjwa, na habari hiyo ilikuwa imemfikia. Maadamu yote ni meupe, lolote laweza kuwa lake. Akikwangua, litabaki jibu moja tu.

Mwaka uliofuata dereva wa lori alileta habari kutoka Bunda: Silasi amepata mtoto wa kiume. Yeye hakupata ruhusa kazini, lakini Mayala alikuwa njiani na mtoto na mama yake. Wegesa alisikia, akasema vizuri, akaendelea kufagia.

Walifika Jumapili mchana, bustani imejaa. Watoto wanakimbizana, wafanyakazi wamekaa kwenye mabenchi na soda zao, wageni wawili wanapiga picha ziwa. Mayala alikuwa amezeeka. Alibeba kibuyu cha togwa, na hakuishangaa bustani.

"Shemeji," alisema, "sisi kule tumehamia kijijini. Mahame yetu yote yamelimwa pamba. Baba, babu, hatujui tena nani alilala wapi. Amebakiaga huyu mmoja tu mwenye alama. Jiwe liko wapi?"

Wegesa alikuwa na nafasi ya kusema. Badala yake aliangalia ule mstari wa mawe, akaona moja lililokuwa kivulini, akafikiri jua ni kali kwa mtoto.

"Hili hapa. Walilisogeza tu."

Mtoto akakalishwa. Kutoka mbali Clementi alianza kupaza sauti kuhusu watu wanaokalia mawe, kisha akamwona ni nani, akageuka akatazama majini. Mayala akafungua kibuyu, akamwaga togwa miguuni pa mtoto, na togwa ikatiririka juu ya jiwe ikiikokota chokaa. Chini yake jiwe lilikuwa la kijivu, la pale pale ufukweni.

Mayala alilitazama. Mkono wake ulipanda wenyewe begani, ukapasugua pale palipovimba zamani. Wegesa alitazama vidole vya mzee vikienda na kurudi, na hapo, kwa mara ya kwanza tangu ile Jumatatu, kitu kilimuuma.

"Shemeji," alianza.

"Ndilo," alisema Mayala. "Ndilo hili. Nililibeba mwenyewe, nalijua."

Akaweka kiganja juu ya kichwa cha mtoto na kumwita Magesa. Mama wa mtoto akapiga kigelegele, na wale watu wa kwenye mabenchi, wasiojua ni cha nini, wakapiga makofi.

Mayala na wenzake walipoondoka kwenda stendi, Wegesa alichukua ndoo na burashi. Akalipaka lile jiwe upya, mikono miwili, kisha wa tatu. Safari hii alilia alipokuwa akipaka, na mtoto wa mtu fulani alipokuja kutaka kulikalia, alimwambia hapo hapakaliwi, kuna mtu.