Ramani ya Baba na Kivuko cha Mutonga

Juzi, tukiondoa vitu nyumbani kwetu Kanyakine kabla ya kubomoa ile nyumba ya mbao, niliokota ramani ya Baba nyuma ya kabati. Ni ya msitu wa mlimani, imejaa mistari ya kahawia iliyobanana, na katikati mto Mutonga, mwembamba, wa buluu. Rafiki yangu, niliketi sakafuni nikaikunjua.

Nilikuwa na miaka kumi. Ng'ombe wetu, mwenye mimba, alikuwa ameingia msituni, na mimi ndiye niliyesahau kufunga lango. Baba, aliyekuwa amefanya kazi ya misitu, alitangulia na ramani yake. Mimi na Nyanya, mama yake, tulimfuata na nduma za kuchemsha kwenye kiondo. Ukungu ulikuwa mzito, mianzi ikitudondoshea maji shingoni.

Tulipofika mtoni tulisikia kengele ya ng'ombe ng'ambo. Ikalia, ikanyamaza, ikalia tena. Baba alikunjua ramani juu ya goti.

"Kivuko ni hapa," akasema. Maji yalikuwa ya magotini tu. Akavua viatu.

"Usiingie," Nyanya akamwambia.

"Mama, si ng'ombe ndiye huyo!"

"Mawe yanabingirika huko juu. Hebu sikiliza."

Mimi sikusikia kitu. Baba naye akatia mguu majini. Nyanya, mwembamba vile, akamshika koti kwa mikono miwili, akaketi matopeni kama mtoto anayekataa shule.

"Niachie!" Baba akafoka. Sikuwahi kumsikia akimfokea mama yake. Nikaangua kilio.

Ndipo mto ulipokuja. Ukuta wa maji mekundu, magogo yakigongana ndani yake. Tulirudi kinyumenyume tukishikana. Maji yalipotulia kidogo tulitega sikio, tukangoja. Kengele haikulia tena.

Njia nzima ya kurudi nyumbani nilingoja kichapo. Badala yake Baba alinishika mkono, na mkono wake ulikuwa baridi sana. Miezi mingi tulikunywa chai ya rangi, na hakuna aliyenilaumu.

Siku hizi mto umekonda, mabomba yameunyonya, watoto wanauvuka na viatu vyao. Baba hayupo, Nyanya hayupo. Mvua ikianza mlimani mimi hunyamaza na kusikiliza, lakini nasikia mvua tu. Sikumwuliza Nyanya alijifunzia wapi kuusikia mto kabla haujafika, na sasa sina wa kumwuliza.