Katambuga Nyuma ya Mlango

Jana fundi viatu wa Kitete alichoma kipande cha tairi, nami nikakumbuka mchana ule tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa. Baba alikuwa amefariki, ila mimi niliambiwa amesafiri. Basi mama alipofunga mizigo, nilizichomoa katambuga za baba, zile za tairi, nikaziacha nyuma ya mlango.

Tulipokwisha kupanda lori, mgambo waliichoma nyumba. Moshi mweusi ukaleta harufu ya mpira. Mama akapekua mzigo.

"Katambuga za baba yako ziko wapi?"

"Nimemwachia, atufuate."

Mama alijifunika kanga usoni mpaka tulipofika.

Siku hizi nafundisha kemia. Najua mpira ni chembe za isoprini zilizoshikana, na moto huziachanisha zikapotelea hewani. Wanafunzi wakiniuliza zinanukaje, nageukia ubao.